Firigisi ya Mzee Wanyama

Jumapili, 15 Juni
Siku njema! Mvua kidogo, tumbo limejaa, na habari ninayo. Mama Amondi muuza samaki na Mzee Wanyama fundi wa vitanda wote wanautaka uenyekiti wa soko letu hapa Huruma. Kura ni mwezi ujao. Wiki nzima wafuasi wao wameitana wezi, wachawi na vichwa maji. Pasta Musimbi akasema basi. Akamwomba Mama Amondi amwalike mpinzani wake kwa chakula cha mchana, wale pamoja, watu waone. Mke wangu Perez akaitwa kupika. Mimi nikaenda kama mwandishi, maana ukurasa wangu wa Facebook, Sauti ya Huruma, haukosi tukio kama hilo.

Nilianzia jikoni. Mwandishi mzuri huanzia jikoni. Perez alikuwa nje akichota maji. Nikafunua sufuria ya kuku, nikaonja kipande kimoja tu. Kigumu kidogo, kitamu sana. Nikafunika.

Mezani nikaona jambo! Mzee Wanyama, mgeni wa heshima, mwanamume mzima wa Bungoma, amewekewa paja, kidari na mgongo. Firigisi hakuna! Kwao Waluhya na kwetu Wajaluo, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa. Mzee aliusukuma mchuzi huku na huku kwa kijiko, akitafuta. Kisha akala kidari.

Pasta akatangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na mdahalo katika ukumbi wa kanisa. Anatafuta wa kuuongoza. Ni mimi au Sifuna. Sifuna! Yule wa ukurasa wa Huruma Kamili, anayempigia kila mtu simu kabla ya kuandika. Habari zake hutoka zimepoa kama chapati za jana. Maikrofoni hiyo naitaka mimi. Maishani nimewahi kushika moja tu, kwenye harusi ya binamu yangu, na nilinyang'anywa.

Jumatatu, 16 Juni
Mpango ni huu. Watu wakitulia, mdahalo utakuwa wa kusinzia na atapewa Sifuna. Wakichemka, atahitajika mtu jasiri. Nani mwingine? Nikaandika: AMONDI AMNYIMA MZEE WANYAMA FIRIGISI? Nimeweka alama ya kuuliza. Maadili ya uandishi nayajua. Ukiweka alama ya kuuliza hujasema kitu, umeuliza tu.

Mama Amondi sikumpigia simu. Angeweza kukana, habari ikaharibika.

Jumanne, 17 Juni
Imeshika! Mafundi wa vitanda wamesusia samaki wa Mama Amondi. Wauza samaki nao wanasema Wanyama ni mroho, alikwenda nyumba ya watu kukagua nyama. Mmoja aliandika kwenye ukurasa wangu matusi ambayo hata hapa siwezi kuyarudia. Mwingine akamjibu, akamtukana mpaka babu yake. Sikufuta. Uhuru wa kusema.

Jioni nikakutana na Mama Amondi akirudi nyumbani na karai limejaa samaki. Hawakununuliwa. Alinisalimu vizuri, akaniuliza hali ya watoto. Roho iliniuma. Ikaacha kuniuma nilipomwona Sifuna akitoka kwa huyu akienda kwa yule, anauliza maswali. Siku nzima baada ya habari kutoka! Nilicheka njia nzima.

Jumatano, 18 Juni
Pasta amepiga simu. Nikajua ni maikrofoni. Akasema watu wamechemka, anataka wa kuwatuliza. Nikasema niko tayari. Akasema asante, Bwana Oyugi, ila kwanza amemwomba Sifuna atafute firigisi ilikwenda wapi. Uchunguzi! Nikamsifu kwa hekima yake. Nikaandika: FIRIGISI ILIKWENDA WAPI? Alama ya kuuliza tena. Sina deni na mtu.

Jioni Sifuna akaja kwetu kumuuliza mpishi. Perez akasema aliiweka firigisi juu kabisa ya sufuria ili iwe rahisi kupakua. Alipotoka kuchota maji ilikuwepo. Aliporudi haikuwepo. Alidhani ni paka, akaona aibu kusema. Sifuna akauliza nani mwingine alipita jikoni. Perez akanitazama. Mimi nikatazama kalenda ukutani.

Kigumu kidogo. Kitamu sana. Mungu wangu! Na hilo la ugumu lilinitoka kwa sauti.

Sifuna, kwa adabu ile yake ya kuudhi, akasema hawezi kuandika kabla ya kusikia upande wangu. Nikamwambia mwandishi hafichui chanzo chake cha habari. Akasema mimi si chanzo, mimi ndiye habari.

Ijumaa, 20 Juni
Sifuna ameandika. Hakuna tusi hata moja. Hata neno mlafi halimo, hilo ameliongeza Perez. Ameandika tu kwamba mwandishi mwenzake, alipoulizwa kuhusu firigisi, alisema ilikuwa ngumu kidogo. Soko zima linacheka. Naitwa Bwana Firigisi. Mafundi wamerudi kununua samaki, tena wananunua huku wakinipungia mkono. Perez ameamua: nitanunua jogoo kwa pesa zangu, yeye atapika, na sahani nitaibeba mimi mbele ya watu.

Jumamosi, 21 Juni
Nimeshika maikrofoni! Pasta alinipa niombe radhi. Nikaanza kwa kusema kwamba katika taifa hili letu, tangu enzi za... Akaichukua. Akampa Sifuna.

Nikaleta sahani. Firigisi peke yake katikati, imekaangwa vizuri. Mzee Wanyama aliitazama, akaomba kisu, akaikata, na nusu akampa Mama Amondi. Firigisi kwa mwanamke! Wazee wa mbele wakashika vichwa. Mama Amondi akatafuna polepole, akameza, akauliza kama kumbe ndiyo hii tu wanaume wanayopigania miaka yote. Vigelegele! Mzee Wanyama alicheka mpaka akafuta machozi.

Baada ya hapo walijadili mitaro na choo cha soko mpaka jioni, wakiitana Mama na Mzee, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize. Nilidhani nitasinzia. Sikusinzia. Kumbe mitaro ina mambo! Mimi nilipewa shingo ya kuku na mchuzi mwingi. Nikashiba. Nilifurahi kweli, nasema bila aibu.

Jumapili, 22 Juni
Ibada ilikuwa nzuri. Pasta aliombea ndimi zetu, na amina yangu ilisikika kuliko zote. Mama Amondi amenisamehe, amenipa na samaki mkubwa. Perez anamkaanga sasa hivi, anaimba. Amani tupu.

Pasta ametangaza mdahalo wa pili wiki ijayo. Wa kuuongoza bado hajachaguliwa. Lakini kwa amani hii yote, nani atahitaji mtu jasiri?

Nimekuwa nikiwaza. Zile nusu mbili za firigisi, zilikuwa sawa kweli? Pale nilipokaa, ya Mama Amondi ilionekana kubwa. Sijampigia mtu simu. Ni Jumapili, watu wanapumzika, ni vizuri kuwaheshimu. Nimeandika tu: WANYAMA AMPA AMONDI KIPANDE KIKUBWA. AMENUNULIWA?

Alama ya kuuliza nimeweka.