Waraka wa Kushangaa Wafika Ukumbi wa Tatu

Kwa furaha isiyo kifani, na kwa mujibu wa Waraka Namba 11, Kamati ya Kushangazwa na Urithi wa Anga inautangazia umma kwamba kuanzia sasa kila mgeni anayetembelea Kituo cha Anga cha Aqshoqy ni lazima ashangae. Zamani jambo hili liliachwa mikononi mwa mgeni mwenyewe, na matokeo yake sote tuliyaona. Watu walipita mbele ya roketi zilizowapeleka binadamu mbinguni huku wakitafuna mbegu za alizeti na kuulizana choo kiko wapi.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati hiyo. Fasili rasmi niliiandika kwa mkono wangu: kushangaa ni kufungua mdomo kwa upana usiopungua sentimita mbili, kwa muda usiopungua sekunde arobaini, pasipo kupiga miayo. Hilo neno la miayo lilituchukua vikao vitatu, na mjumbe mmoja alilala katikati ya mjadala, tukamchukua kama mfano. Wapo waliotucheka. Hao wanaona mdomo tu, hawaoni takwimu.

Takwimu zenyewe zilikuwa nzuri. Ukumbi wa Kwanza, ambako roketi nzima imelazwa ubavu, ulitupa sekunde arobaini na tatu. Ukumbi wa Pili, wa vyakula vya angani vilivyotiwa kwenye mirija kama dawa ya meno, ulitupa hamsini na moja, ingawa uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya wageni walikuwa na njaa. Tatizo lilikuwa Ukumbi wa Tatu. Huko watu walikuwa wanacheka.

Ukumbi wa Tatu una kitu kimoja tu: chombo kilichomrudisha mwanaanga duniani, kikaanguka katika nyika yetu, kilomita sitini kutoka hapa. Ni kidude cha mviringo, kimeungua cheusi kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mlango wake ni tundu la juu ambalo mtu mzima hulipita kwa kujikunyata. Ukutani pana bamba la shaba lisemalo: KANALI QALMENOV ALIFIKA WA KWANZA NA KUUFUNGUA MLANGO HUU KWA MIKONO YAKE. Na kando ya bamba pana kiti, na juu ya kiti pana Bibi Orynsha, mlinzi wa ukumbi, mwenye soksi za sufu na miaka sitini na sita.

Bibi Orynsha hana neno na bamba. Hulipangusa kila asubuhi kwa kitambaa. Ila mgeni akimuuliza, "Bibi, ilikuwaje siku ile?" yeye humjibu.

Sasa, Naibu Waziri wa Urithi wa Anga, Mheshimiwa Daurenbek Qalmenov, ni mtoto wa yule Kanali. Aliposoma takwimu za Ukumbi wa Tatu akasema atakuja mwenyewe kuona ni nani anayecheka mbele ya baba yake.

Alifika Alhamisi kabla ya chakula cha mchana, na watu wa televisheni nyuma yake. Wazee wa mji wakampokea langoni kama tunavyompokea mgeni wa heshima: wakamvika joho la mahameli ya buluu, zito, lililojazwa sufu ya ngamia na kutariziwa nyuzi za dhahabu, wakamtia na kofia ndefu yenye ncha. Joho hilo halivuliwi mbele ya waliokuvika. Ukilivua umewaambia wakalivae wao. Wazee nao hawakurudi nyumbani. Walimfuata ukumbi hadi ukumbi ili waone linavyomkaa. Mheshimiwa ni mtu wa kiwiliwili. Ndani ya joho akawa watu wawili.

Tulipoingia Ukumbi wa Tatu, Bibi Orynsha alikuwa tayari amezungukwa na wageni kama thelathini, na hadithi ilikuwa imeiva.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alikuwa anasema, "natafuta ngamia wetu, mpumbavu mmoja hivi, kila wiki anapotea. Nikasikia kishindo. Nikadhani Mungu kaangusha kabati. Kwenda, naona hili dude linafuka moshi, na ndani mtu anagonga. Nikauliza, 'Nani?' Akajibu, 'Mimi!'"

Wageni wakaangua kicheko. Msaidizi wangu alikuwa na rula mkononi. Akanitazama kwa huzuni, maana mdomo unaocheka haupimiki.

"Nikazungusha mpini, nikafungua. Akasema, 'Binti, nivute.' Nikamvuta kama mwanakondoo aliyekwama: mkono mmoja na kichwa kwanza, bega unaligeuza, halafu husikilizi kelele zake. Akatoka. Nikampa maziwa ya farasi yaliyochachuka, akanywa kwa pupa, akanitapikia viatu. Basi hicho ndicho nilicholetewa kutoka angani."

Wakacheka tena. Kisha akashusha sauti, kama anavyofanya siku zote hapo.

"Akachota udongo, akaunusa, akalia. Akaniambia, 'Usiende. Nimekaa peke yangu siku nyingi kule juu.' Nikakaa naye, tumejifunika koti langu moja. Tulikuwa hatujuani hata majina. Wenzake walikuja jua likielekea kuzama."

Hapo mwanamke mmoja alikigusa chombo kwa ncha ya kidole, mzee mmoja akavua kofia. Nakiri kwamba nami kifuani palinibana, na si mara ya kwanza. Lakini fomu yetu haina nafasi ya mambo ya kifua, kwa hiyo sikuandika kitu.

"Umemaliza?" aliuliza Mheshimiwa kutoka nyuma.

Bibi Orynsha akageuka. "Ooh, karibu mwanangu! Joho zuri. Hulioni joto?"

"Bibi, unajua kusoma?"

"Najua."

"Hilo bamba linasema nini?"

"Linasema baba yako alifika kwanza."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi sisemi. Nahadithia tu nilivyomvuta yule bwana. Baba yako nilimkuta... hapana, yeye ndiye aliyetukuta. Saa tatu baadaye. Alikuwa mtu mpole, alinipa biskuti."

Ukweli wa jambo hili Aqshoqy nzima inaujua. Helikopta ya Kanali, iliyotumwa kumtafuta mwanaanga, iliona moshi, ikatua, kumbe ni moshi wa masufuria ya arusi. Na kwetu mgeni akishuka arusini, hata akishuka kutoka mbinguni, haondoki kabla hajawekewa kichwa cha kondoo na kukigawa kwa utaratibu: sikio kwa mtoto, jicho kwa rafiki, na maneno ya baraka kwa kila kipande. Kanali alikuwa mtu wa adabu. Alikigawa kichwa chote. Nina hakika, kwa sababu bwana arusi alikuwa mjomba wangu. Lakini mjomba si hati.

"Kuanzia dakika hii," Mheshimiwa akatangaza, "huyu si mlinzi wa ukumbi. Katibu, andaa barua. Nitatia saini baada ya chakula."

Wageni wakaguna. Bibi Orynsha alisimama akakitazama kiti, akaupangusa mto wake kwa kiganja. Miaka ishirini na tisa alikuwa amekikalia.

"Mukhit, mwanangu," akaniambia mimi, "mume wangu hayupo, watoto wako mbali. Nyumbani hakuna anayeniuliza ilikuwaje. Yule bwana wa angani aliniambia nisiende, nami sikwenda. Sasa mnaniondoa nyie."

Nilimjibu kwamba suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi. Ndivyo tunavyojibu. Akaenda kuchukua koti lake, nami nikaona aibu, aibu kabisa, nikatafuta kitu cha kuandika.

Sasa palikuwa na wageni thelathini wenye midomo iliyofungwa kama mikebe, na televisheni inanasa. Mheshimiwa akaona ukumbi unahitaji kushangazwa, tena haraka. "Baba yangu aliufungua mlango huu," akasema. "Mimi nitaketi alipoketi shujaa!"

Nikamnong'oneza, "Mheshimiwa, ile nafasi ilikatwa kwa kipimo cha mtu mwembamba. Na alikuwa hana joho."

"Katibu, wewe ni wa kupima midomo. Pima midomo."

Walinzi wake wawili wakamwinua. Miguu ikaingia, tumbo likasita, wakasukuma, likaingia. Kofia ikabaki nje. Wageni wakaduwaa wote, midomo wazi. Msaidizi wangu akasoma saa: sekunde arobaini, hamsini, dakika nzima! Ilikuwa rekodi ya taifa.

Dakika ya pili ilipotimu, sauti ikatoka ndani. "Basi. Nitoeni."

Wakamvuta mikono. Joho likafura mlangoni kama unga uliozidi chachu, likaziba tundu lote.

"Livue joho, Mheshimiwa!" akasema mlinzi mmoja.

"Mbele ya wazee? Una wazimu?"

"Basi tulikate na mkasi."

Wazee wakapiga kelele kwa pamoja. Joho likikatwa mwilini mwa mtu, heshima yake imekatwa, na ya watoto wake pia. Mlinzi mwingine akashauri tukikate chombo. Nikamkumbusha kwamba chombo ni urithi wa taifa, ilhali Mheshimiwa anaweza kuteuliwa mwingine.

"Nimesikia hilo!" ikasema sauti ya ndani. "Jamani, huku kuna joto. Siioni miguu yangu."

Wakati huo Bibi Orynsha alikuwa amefika mlangoni mwa ukumbi, koti mwilini, mfuko mkononi. Mgeni mmoja akamwita, "Bibi! Wewe si ulishamtoa mtu humu?"

"Nilimtoa. Lakini mimi si mlinzi sasa. Wageni hawagusi vitu."

Alikuwa amesema kweli tupu. Nikafungua kitabu cha kanuni, ambacho natembea nacho kama wengine wanavyotembea na dawa ya kifua, nikasoma kwa sauti: "Kifungu cha saba. Chombo hakitaguswa na mtu yeyote kwa shughuli ya kumtoa mtu, isipokuwa mlinzi wa ukumbi, au yule aliyekifungua kwanza kilipotua."

"Kanuni gani hiyo ya kijinga!" ikalia sauti ndani. "Nani alitia saini?"

"Wewe, Mheshimiwa. Mwezi wa tatu."

Nikaendelea kwa unyenyekevu: "Mlinzi wa ukumbi hayupo, umemwachisha. Aliyekifungua kwanza, kwa mujibu wa bamba, ni marehemu baba yako, naye hapatikani."

"Mwambie bibi anitoe!"

"Kwa cheo gani, Mheshimiwa?"

Bibi Orynsha akasogea, akainama tunduni. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kumwambia mtoto anywe dawa.

"Mwanangu, mficha uchi hazai. Sema tu. Hata baba yako asingekasirika."

"Andika," Mheshimiwa akasema kwa sauti ndogo. "Andika kwamba ni yeye."

"Yeye nani, Mheshimiwa? Kwa kumbukumbu."

"Yeye! Orynsha! Yeye ndiye aliyefungua!"

"Na Kanali wakati huo alikuwa wapi?"

"Katibu, utanitambua!"

"Ni sehemu ya fomu, Mheshimiwa."

"Arusini!" akafoka, na chombo kikavuma kama ngoma. "Alikuwa arusini, anagawa kichwa cha kondoo! Alituambia mwenyewe nyumbani, kila mwaka, mpaka machozi yanamtoka kwa kucheka! Nitoeni!"

Televisheni ilinasa kila neno. Wageni walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na wazee wa mji nao wakacheka, mmoja wao akiwa ni mjomba wangu.

Bibi Orynsha akaweka mfuko chini, akakunja mikono ya koti. "Nipe mkono mmoja. Mmoja, si miwili! Kichwa huku. Pumua, toa pumzi yote. Tumbo sahau kama unalo." Akaligeuza bega, akaweka mguu kwenye chuma, akavuta. Mheshimiwa alipiga kelele ambazo hakuzisikiliza. Akatoka, mwekundu, amelowa, na joho lake lote mwilini bila hata uzi kukatika.

Kanuni za kurudi kutoka kwenye chombo ni kali, nami sikuona sababu ya kuzilegeza. Anayetolewa humo hasimami. Huketishwa, hufunikwa blanketi, na kwa siku ishirini na moja haruhusiwi kutia saini hati yoyote, kwa kuwa akili yake inahesabika bado haijatua. Barua ya kumwachisha mlinzi, isipotiwa saini siku hiyohiyo, hubatilika. Nilimsomea vifungu vyote viwili. Tukamketisha kwenye kiti kilichokuwapo, ambacho kilikuwa kimoja tu.

Alikaa hapo amejifunika blanketi juu ya joho. Akatazama bamba la baba yake. Nje, kundi jingine la wageni lilikuwa limefika, linasubiri kufunguliwa.

Bibi Orynsha alitundika koti lake, akajinyoosha nywele, akaja akasimama mbele yake.

"Umepumzika, mwanangu?"

"Kidogo, bibi."

"Haya, inuka. Hicho ni kiti cha kazi, na mimi niko kazini."

Mheshimiwa akanigeukia, macho yakiomba kifungu. Nikafungua kitabu, nikapekua ukurasa mmoja, nikapekua wa pili, nikakifunga.

Akainuka.