Ombi la Miezi Sita kwa Ajili ya Vidato Vinne

KWA: Dada Mkubwa, Mwalimu Mkuu Mstaafu na Msemaji wa Mwisho katika Vikao vya Familia

YAH: KUPINGA MWISHO WA MWEZI, NA OMBI LA KUONGEZEWA MIEZI SITA

Dada mpendwa,

Shikamoo. Jumapili ulikata simu ukisema maneno yangu umeyasikia vya kutosha, na kama nina hoja niilete kwa maandishi, kwa mwandiko unaosomeka, bila kuzunguka. Nimeileta. Kuhusu kutozunguka sikuahidi.

Kwanza nieleze shauri lenyewe, ili hata mtu wa nje akiisoma barua hii aone kwamba ninaonewa. Mama yetu ana miaka sabini na tisa na anaishi kwangu. Kutoka mlango wa jikoni kwenda uani kuna vidato vinne vya saruji, na pembeni hakuna cha kushika. Tangu goti lake la kushoto liharibike, hashuki bila mtu wa kumpa bega, na sisi wenye mabega tunaondoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Saa zote hizo anakaa kwenye kiti pale mlangoni, akitazama matuta yake ya mchicha kama mtu anayetazama basi lililomwacha. Mwezi wa pili niliahidi kumfungia kishikio. Huu ni mwezi wa kumi. Umesema kisipokuwepo mwisho wa mwezi huu, utakuja na gari umchukue akakae kwako, ambako hakuna vidato. Mama hataki kuhama. Amemwambia hivyo wifi yako mara mbili. Mimi hakuniambia kwa sababu, inasemekana, nilikuwa gereji. Mimi pia sitaki ahame.

Kati ya mwezi wa pili na wa kumi kuna karakana. Siku ileile niliyoahidi, niliingia gereji kutafuta futi ya kupimia vidato nikaikosa. Mtu mwingine angeazima kwa jirani. Mimi niliona kwamba mtu asiyejua futi yake ilipo hana haki ya kumfungia mama yake chochote, nikaamua kwanza nipange gereji iwe karakana. Futi niliipata siku ya tatu. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti nililokuwa nimelivaa wakati wa kuitafuta. Lakini kazi ilikuwa imeshaanza, na mimi si mtu wa kuacha kazi njiani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tuhuma kwamba kwa miezi minane "sijafanya kitu". Naomba maneno hayo yafutwe. Sakafu ya gereji imepigwa rangi ya kijivu mikono miwili. Kuta ni nyeupe. Kuna makopo sitini na manne, kila moja na lebo. Skrubu nimezipanga kwa urefu, kisha kwa umbo la kichwa, kisha tena kwa urefu, kwa sababu nilisahau kwa nini niliacha utaratibu wa kwanza. Ukutani kuna ubao wa zana, na nyuma ya kila zana nimechora kivuli chake kwa rangi nyeusi, ili ikitoka ijulikane imetoka. Mashine ya kufyonza vumbi la mbao imefungwa na inafanya kazi. Vumbi la mbao ndilo bado adimu.

2. Suala la mbao. Umeuliza, kwa sauti niliyoisikia mpaka nje ya simu, ziko wapi mbao za kishikio tulizozinunua pamoja. Zipo. Nilipozileta nyumbani niligundua kwamba sina mahali pa kuziweka. Mbao zikilala sakafuni hunyonya unyevu na kupinda, na mbao iliyopinda haifai kwa mtu mwenye goti. Nikatengeneza rafu ya kuwekea mbao. Rafu ilihitaji mbao. Sasa ninayo rafu imara, inayoweza kubeba kilo mia mbili, na haina kitu juu yake. Ninaieleza habari hii jinsi ilivyotokea, bila kupunguza. Siku ya kuisoma naomba ukae.

3. Mwenendo wa wifi yako. Nimeweka daftari mlangoni mwa karakana. Anayechukua zana anaandika jina la zana, sababu, na saa ya kurudisha. Si jambo zito. Mwezi wa sita wifi yako alichukua koleo. Kwenye sababu aliandika: "Kifuniko cha chupa kimegoma." Kwenye saa ya kurudisha: "Kikikubali." Koleo lilirudi baada ya dakika mbili, likatundikwa miguu juu, nje ya kivuli chake. Nilimwita tukae tuzungumze. Akauliza kama na yeye angechorwa kivuli ukutani, angalau nijue akiwa hayupo. Niliandika kwenye daftari kwamba swali limepokelewa.

4. Nyundo ya jirani. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni fundi bomba, na ndivyo mtaa mzima unavyomwita: Fundi Bomba. Mwezi wa nne alinikopesha nyundo. Siku ya kuchora vivuli niliichora pamoja na zangu, kwa bahati mbaya. Alipokuja kuichukua nilimweleza kwamba akiondoka nayo ubao utabaki na pengo, na mpini wa nyundo ile umepinda kiasi kwamba hakuna nyingine duniani itakayoenea kwenye kivuli kile. Nikampa pendekezo la haki: nyundo ikae kwangu, na yeye aiazime akiihitaji. Basi akawa anakuja kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na begi lake begani, anasaini kuazima nyundo yake. Jioni anairudisha na kusaini tena. Alifanya hivyo siku tisa. Siku ya kumi alinunua nyingine. Zamani alikuwa ananiita jirani. Siku hizi ananiita mheshimiwa, na hasemi kwa nini.

5. Meza ya kazi. Hakuna karakana bila meza ya kazi, na hakuna namna ya kutengeneza meza ya kazi bila meza ya kufanyia kazi hiyo. Nimelitafakari jambo hili tangu mwezi wa saba. Kwa sasa jiliwa, lile chuma zito la kubania vitu, nimelifunga kwenye kona ya meza ya chakula. Tunakula kwa kulizunguka. Binti yangu, ambaye anakusalimu sana Shangazi yake, amezoea kubana daftari humo asome huku mikono yake ikiwa huru kula. Nilitaka kumkataza, lakini ndiye mtu pekee katika nyumba hii anayetumia zana kwa mpango.

6. Gari. Linalala nje. Sakafu imekuwa safi mno kwa matairi. Sitasema zaidi, maana liko dirishani ninapoandika na linanitazama.

7. Mama mwenyewe. Dada, ninasema hili kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi: kikwazo kikubwa kuliko vyote ni Mama. Angelalamika ningejibu. Halalamiki. Haulizii kishikio. Kila asubuhi anaulizia gereji, kwa sauti ya chini, kama tunavyomuulizia mtu aliyelazwa: mgonjwa wako ameamkaje? Majirani wakipita anawaambia mwanawe ana shughuli kubwa.

Wiki iliyopita nilimkuta ameshika fremu ya mlango, mguu mmoja kwenye kidato cha kwanza, anajaribu. Nilichukua hatua siku hiyohiyo. Nilikata kibao, nikakipiga msasa, nikakiandika kwa herufi za kupima kwa rula: NGAZI HAZITUMIKI HADI TAARIFA NYINGINE ITAKAPOTOLEWA. Ni kitu cha kwanza kutengenezwa katika karakana yangu kisicho cha karakana yenyewe, na kilitoka vizuri. Nilikitundika mlangoni. Jioni nilikikuta mapajani mwake, anakatia vitunguu juu yake.

Nikaona basi, kama Mama haendi kwenye bustani, bustani imfuate. Nilihamisha miche kumi na miwili ya mchicha nikaipanda kwenye makopo ya rangi, kila kopo na lebo yake, nikayapanga mbele ya kiti chake. Aliyatazama. Kisha akaniambia, "Umewafunga na wao." Neno hilo nimeliweka hapa kwa sababu ulisema nisifiche kitu.

Kutokana na hayo yote, ninaomba yafuatayo:

(a) Niongezewe miezi sita. Minne ya kumaliza karakana, mmoja wa kuizoea, na mmoja wa kishikio.

(b) Mama abaki kwangu muda wote huo. Ukimchukua, karakana itakosa sababu ya kuwepo, na sidhani kama umefikiria hilo litakavyoniumiza.

(c) Shemeji aniazime meza yake ya kazi ile ndefu, nitengenezee yangu. Atasaini kwenye daftari siku ya kuichukua.

(d) Umpigie Mama simu umwambie akae kitini. Wewe anakusikiliza. Uliongoza shule ya watoto mia nane. Mwanamke mmoja mwenye goti bovu hawezi kukushinda.

(e) Ukikataa (a) hadi (d), basi uje wewe mwenyewe uione karakana kabla ya kumpakia Mama kwenye gari. Uingie bila viatu.

Msalimie Shemeji, na umwambie habari ya kusaini nimeisema kwa nia njema. Msalimie mpwa wangu mwenye gari, asijaze mafuta kwanza. Wasalimie wajukuu wote kwa majina yao, na yule jirani yako mshonaji aliyeniuliza kwenye kikao kama kishikio kinasafirishwa kwa meli. Hapa wote wazima isipokuwa goti.

Ni mimi mdogo wako, ninayesubiri jibu nikiwa nimesimama kwa sababu viti viko karakanani vinakauka rangi.

TANBIHI: Nilikuwa nimeshakunja barua. Ni Jumamosi, wifi yako yuko sokoni na binti kafuatana naye. Nilienda jikoni kutafuta gundi ya bahasha nikakuta kiti cha Mama kitupu.

Alikuwa kwenye kidato cha pili. Ameshuka viwili, vimebaki viwili, ameegemea ukuta kwa kiganja, na mguu ulikuwa unatetemeka ndani ya kanga. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Alikuwa hajaita mtu. Nilimuuliza amesimama hapo tangu saa ngapi, akasema tangu nilipoanza kuandika. Nikashuka mbele yake nikampa bega. Akasema, "Usinivute. Simama tu." Nikasimama. Dada, Mama amekuwa mwepesi. Nilikuwa sijui, kwa sababu kwa muda mrefu mabega yamekuwa ya wifi yako.

Fundi Bomba alituona kutoka upande wa pili wa ukuta. Hakusema mheshimiwa. Aliruka ukuta na kipande cha bomba la chuma kilichobaki kwenye kazi yake ya jana, na begi lake. Zana zangu sikuweza kuzigusa. Ubao wote niliupaka vanishi asubuhi na kuna karatasi inayosema usiguse, mwandiko ni wangu. Hatukupima kwa futi. Mama alisimama kwenye kila kidato, akaushika upepo pale mkono wake ulipotaka kushika, nasi tukaweka alama ukutani kwa penseli. Mashimo manane, na bomba likakaa ukutani kama kishikio. Tulifanyia kazi chini, magotini, uani. Saa moja na dakika kumi, na humo kuna chai.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi saba yafutwe. Ombi (a) halina maana tena, wala (c), (d) na (e). Ombi (b) libaki kama lilivyo. Hilo ndilo nililokuwa nataka tangu mwanzo, na ningeweza kuliomba kwa mstari mmoja. Barua naituma hivyohivyo kwa sababu ulitaka maandishi na mwandiko unasomeka.

Mpaka naandika haya Mama ameshuka na kupanda mara sita. Bomba halijapigwa rangi, na kwenye kona ya juu limekaa upande kidogo, nilimwambia nitalirekebisha. Mara ya saba nilisimama mlangoni nikamwambia apumzike, goti litavimba. Akaniambia nimpishe.