Dari Mliyonikatishia Masomo

Mwanangu Mwalimu Mkuu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini ungekuwa hapa ungeniamkia, kwa hiyo tusipoteze muda.

Mimi ndiye mfuaji nguo wa nyuma ya ukuta wenu. Shule sikupelekwa. Lakini darasa la tatu lilikuwa na bati tupu na mwangwi kama wa pipa, basi masomo yote yalikuwa yananiangukia kwenye beseni bila ada. Sasa mmeweka dari, mkatundika na mapazia mazito. Nasikia watu wanawapongeza. Mimi nalalamika hivi:

1. Mmenikatisha masomo bila taarifa. Kuzidisha nilimaliza, na yako mashati ya watu yamechakaa kola kwa jinsi nilivyoyasugua nikiimba saba mara nane. Kugawanya mmeniacha nusu, kama mtu aliyenyolewa upande mmoja.

2. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Leo anaongea taratibu kama mgonjwa, na ati watoto wanamsikia. Ualimu gani huo wa kunong'onezana?

3. Hadithi ya fisi aliyetumbukia kisimani mliikata fisi akiwa bado ndani. Nikamuuliza mjukuu wangu, aliye darasa hilohilo, kilichofuata. Akanijibu, "Bibi, tulia kwanza, nasoma." Mtoto huyuhuyu mwaka jana mliniita ofisini mkasema ni mzito wa kichwa, arudie darasa. Niligombana nanyi siku ile na sijamaliza.

4. Kwa kuwa nimesoma nusu, nadai mtihani nusu na cheti nusu. La sivyo ng'oeni dari, ama mnipe dawati humo ndani. Liwe la watu wawili, mimi nakaa pana.

Nisalimie mkeo, walimu wote na mlinzi wa geti. Fundi wa dari usimsalimie. Mwambie nguo zake sifui tena.

Ni mimi, mwenye povu hadi kwenye viwiko,
Bibi wa Nyuma ya Ukuta

Nimesahau: haya yote nimetamka mimi, kalamu ameshika mjukuu wangu. Mwaka jana hata jina lake lilimshinda. Nimemuuliza leo imekuwaje, akasema zamani mdomo wa mwalimu alikuwa anauona tu, sauti ilikuwa inapotelea kwenye bati. Kumbe mtoto alikuwa anakaa humo kama kwenye kinu cha kusaga, na mimi huku nje nafurahia.

Dari isiguswe. Anayetaka kuing'oa aanze na mimi.