Mgema Aliyetaka Kinga ya Popo

Jumapili, 9 Poush, mwezi wa baridi
Mke wangu Jorina amehamia kwa kaka yake, Tofazzal. Eti harudi mpaka nifunike vyungu vyangu vya utomvu wa mtende kwa mikeka ya mianzi. Popo hulamba humo usiku, hukojoa humo, na jirani yetu alizikwa baridi iliyopita kwa homa yao. Mianzi! Mitende yote ile! Tofazzal, mgema mwenzangu, keshafunika yake. Wateja wanamsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hata maji hatii. Namchukia.

Jumatatu, 10 Poush
Daktari Sharmin kutoka Dhaka kaja sokoni kutuelimisha. Nikamuuliza mbona popo mwenyewe hafi. Akasema popo anaishi na virusi vya homa hiyo bila kuugua. Kinga yake iko macho wakati wote, inavibana visizaane ovyo, ila haipandwi na hasira. Yetu ikishtuka huwaka mpaka ikamuunguza mwenye mwili. Kumbe tatizo ni hasira! Sikungoja mengine.

Jumanne, 11 Poush
Nimeanza kujifunza upole. Natabasamu. Nimemsalimia hata Tofazzal. Akaniuliza, "Shemeji, jino linakuuma?" Nikazidi kutabasamu. Nimetangaza kwenye kibanda cha chai: kesho asubuhi nakunywa utomvu wangu, usiofunikwa, hadharani. Jorina akiona sifi, atarudi.

Jumatano, 12 Poush
Nimekunywa bilauri mbili, na bisi za mchele. Wazee wakasema mimi, Mokbul, nimeshikwa na wazimu. Jorina alilia, akaondoka. Imeniuma sana.

Ijumaa, 21 Poush
Mzima! Hata mafua sina. Jorina karudi, kapika wali wa maziwa. Kumbe jioni ya Jumanne ile alimtuma kaka yake apande mitende yangu afunike kila chungu, kisha afunue kabla sijaamka. Nilikunywa utomvu safi! Akaniambia, "Baba Moyna, ningekuzika mimi, si hao wa kibanda cha chai." Sasa vyungu vyangu vyote vina mikeka. Alinishika mkono. Nilifurahi, sikatai.

Jumamosi, 22 Poush
Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Tofazzal kaniharibia jaribio! Wivu mtupu. Nimepanda, nimeng'oa mikeka yote, nimeifanya kuni. Kesho narudia, na safari hii sitakunywa peke yangu. Jorina kamchukua mwanetu Moyna na sufuria, kaondoka. Hakulia. Atajuta mwenyewe kesho, maana nimewaambia majirani wote waje na bilauri zao.