Sola ya Malkia na Maharage ya Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mlowo. Baridi ya kupasua midomo. Asubuhi nimefungua banda kumsalimia Malkia, gari langu jeupe, maana Jumamosi ndiye atakayemfikisha Violet kanisani. Violet ni binti wa kaka yangu, anaolewa. Niliahidi gari mwenyewe mbele ya kamati ya harusi, kwa sauti, nikiwa nimesimama.

Nikapiga stata. Tk. Nikapiga tena. Hata hiyo tk haikuja. Betri imekufa! Na tangu Pasaka sijaligusa. Gari lisilofanya kazi linachokaje?

Halafu kiti cha nyuma kuna kuku analalia mayai. Nimemhamisha kwa heshima zote. Kanidonoa.

Enoka, jirani yangu, akawa anachungulia juu ya ua. Huyu bwana ana kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kila siku kinabeba kabichi na kila siku kinawaka, kelele tupu. Akauliza kama Malkia ni mzima. Nikasema anapumzika. Akasema kirikuu chake kipo, ikibidi kitambeba bibi harusi. Violet kwenye kabichi! Labda nizikwe kwanza.

Mke wangu Nesta anasema dawa ni kuliendesha kila wiki, hata mpaka Vwawa na kurudi. Nesta bwana! Gari likizoeshwa kutembea si litachakaa?

Jumanne, 15 Julai

Tunduma. Malori yamepanga foleni mpaka macho yanauma. Nimeingia dukani kwa Loisi, anauza vifaa vya magari karibu na mpaka. Alikuwa na mteja Mzambia, mukwai huku, mukwai kule, heshima za kwao, mimi nimesimama tu. Zamu yangu ilipofika akanihoji kama daktari. Gari linakaa muda gani bila kuwashwa? Bandani kuna umeme? Betri imepungua au imekwisha kabisa? Sikupenda maswali.

Akanionyesha chaja kubwa, ya kufufua betri iliyokwisha. Kisha chaja ndogo, ya kuitunza betri ikishajaa: unaichomeka na kuiacha hapohapo, yenyewe inajua lini itie na lini ipumzike. Mwisho sola, nyeusi, bapa kama sinia. Unailaza juani, waya wake unaenda kwenye betri. Ushauri wake nianze na kubwa, kisha ndogo. Sola, akasema, haifufui, inatunza tu.

Nikachukua sola. Jua halina bili, na Enoka ataiona. Loisi akarudia kwamba haifufui. Nikamwambia dada, mimi nimeanza kumiliki gari wewe hujaota meno. Akanifungia mzigo.

Jumatano, 16 Julai

Sola nimeilaza kwenye mkeka katikati ya uwanja, waya mpaka bandani. Enoka kaiona! Kauliza ni kitu gani. Nimemjibu: teknolojia.

Mama mkwe, Mama Teresia, kafika kutoka Mbebe kwa ajili ya harusi, na gunia la maharage ambayo hayajakauka vizuri. Huku kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, sembuse kusemeshwa. Nilipomwona getini nikatokea mlango wa nyuma, nikaenda kunywa chai stendi mpaka jioni. Nikarudi, nikapiga stata. Kimya.

Alhamisi, 17 Julai

Hujuma! Mama mkwe kaanika maharage juu ya sola. Kumbe jana kutwa, na leo tena. Kayatandaza vizuri, hata sisimizi hapiti.

Sasa nifanyeje? Siwezi kumwambia mkwe aondoe maharage yake. Nesta yuko kwa kaka kwenye mapishi ya send-off, simu haipatikani. Nikajibanza nyuma ya banda nikamsemesha kuku kwa sauti. We kuku, hivi unajua jua lina kazi nyingine zaidi ya kukausha mboga?

Mama mkwe naye, uso kaugeuzia ukutani, akamtuma kuku huyohuyo. Amwambie mkwe wake asante sana kwa sinia, jeusi, linashika joto, maharage yamekauka upesi. Na akirudi Mbebe ataomba aende nalo.

 Nikamwambia kuku, sawa mama.

Ijumaa, 18 Julai

Nesta karudi, kasikia habari, kacheka mpaka kakaa chini. Halafu akamwita Asajile, fundi umeme wa magari. Asajile kaichomoa betri, kaenda kuichaji kwake kwa chaja kubwa, alasiri kairudisha. Malkia kawaka! Nilipiga ukelele kama nimefunga goli. Kaniachia na chaja ndogo mpya, ameagizwa na Nesta, kasisitiza niichomeke mpaka asubuhi, betri hii imezeeka, haikai na umeme.

Ila Enoka hakuwepo gari lilipowaka! Unaachaje jambo kama hilo? Aliporudi na kabichi zake nikawasha. Nikazima. Nikawasha tena, pengine hakusikia vizuri. Nikafungulia kwaya redioni, nikawasha na taa zote huku nafunga maua na riboni. Enoka akakiri kwa mdomo wake kwamba Malkia ni mzima. Raha iliyoje!

Chaja sikuichomeka. Kitu kipya vile nikiingize kwenye vumbi la banda?

Jumamosi, 19 Julai

Tk.

Violet kasimama nje na shela lake. Wazee wakavua makoti wasukume, Asajile akawaambia ni otomatiki, hata wakisukuma mpaka Tunduma haliwaki. Enoka akasogeza kirikuu pua kwa pua na Malkia, nyaya mkononi, akasema anibusti tu, dakika moja. Watu wote wananitazama. Nikakataa! Malkia aombe umeme kwa gari la kabichi?

Violet akanisogelea. Akaniita baba mdogo, akaniuliza taratibu kama kweli nataka achelewe harusi yake mwenyewe. Nikainama kunyoosha riboni ya Malkia. Akanipangusa vumbi begani, akapanda kirikuu. Maua wakayafungua kwa Malkia wakayafunga kule, wanawake wakajaa nyuma, vigelegele mpaka barabara kuu.

Niliumia jamani. Nilikaa kwenye usukani nikalia kidogo. Nikaenda kanisani kwa bodaboda, tai imehamia mgongoni. Enoka kakaa meza kuu.

Jumapili, 20 Julai

Nimetafakari wakati wa mahubiri. Kosa nimelijua: sola ilikuwa ndogo. Ingekuwa pana zaidi, mama mkwe angepata upande wake na betri upande wake. Ile ameondoka nayo asubuhi. Tumeagana kupitia kuku.

Nesta kaniuliza chaja mpya iko wapi. Ipo kabatini, ndani ya boksi lake, hata nailoni sijatoa. Itatoka Krismasi. Kitu kizuri hakitumiwi ovyo. Nesta kaniangalia, kaangalia banda, kachukua kikapu, kaenda sokoni kwa miguu. Kuku naye karudi kwenye kiti cha nyuma, nimemwacha.

Nilisahau kuandika. Kanisani wametangaza harusi ya Rozi, binti wa mzee wa kanisa, mwezi wa kumi na mbili. Wakauliza nani ana gari la heshima. Nilikuwa nimeshasimama.