Gari Langu Limeacha Kuvuja: Nani Atawajibika?

Musembi wa Makochi,
Kawangware 46, mlango namba tisa.
Ijumaa.

Kwa Mzee Walubengo,
Mwenyekiti wa Mafundi wa Magari,
Yadi ya chini ya Nyayo Highrise, Kibera.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

MINT: FUNDI JENTRIX KUZIBA GARI LANGU BILA HURUMA

Kwanza pole kwa vumbi, pole kwa moshi, na pole kwa kusoma mwandiko wa mtu aliyezoea sindano. Mimi si mtu wa kugombana. Nashona makochi hapa 46 mwaka wa kumi na mbili huu, na hakuna mteja aliyewahi kunisikia nikipandisha sauti, hata yule aliyeniletea kochi lenye kunguni akasisitiza kwamba ni simsim. Lakini hili la fundi wako Jentrix limenifika hapa, na ungekuwa karibu ningekuonyesha hapa ni wapi.

Gari langu unalijua. Ni lile jekundu la spoti, milango miwili, liko chini mpaka nikishuka watu hudhani natoka kwa mtaro. Nilipewa na mjomba wangu Ndululu alipohamia Kitui, kwa sababu barabara ya kwao ingelikwangua tumbo lote. Nalipenda sana. Lilikuwa na kasoro moja tu: kuvuja maji ya rejeta, yale ya kijani ya kupoza injini. Halikumwaga, Mwenyekiti. Lilidondosha. Tone hapa, tone pale, na mshale wa joto ukipanda taratibu, mtu afike kwa fundi bila haraka. Malalamiko yangu ni haya.

1. Alijua shida siku ya kwanza.

Kabla yake nilikuwa kwa Fundi Maurice wa Riruta Satellite, na tulikaa miezi mitano kwa amani. Kwanza alisema ni gasket. Halafu akapasulia yai ndani ya rejeta, ati litaiva huko na kuziba tundu. Kwa wiki mbili gari lilinukia kama troli ya mayai boilo. Yai liliposhindwa akaweka unga wa ugali, na unga uliposhindwa akasema magari ya spoti hutokwa na jasho, ni kawaida. Kila Jumamosi nilikuwa kwake. Mkewe alijua sitaki sukari kwa chai. Huyo ndiye fundi anayejua kubakisha kazi ya wiki ijayo.

Jentrix yeye alifanya nini? Alikataa kufungua kifuniko gari likiwa moto, akaniambia yale maji yatanipika uso. Tukakaa juu ya tairi saa nzima tukingoja lipoe. Akanihadithia kwao Webuye, na lori la babake lililomfundisha kazi, akanimenyea nusu ya chungwa lake. Hapo sina malalamiko. Malalamiko yangu ni kwamba gari lilipopoa, aliinuka! Alitandaza boksi chini aone tone linaangukia wapi, akafunga kipampu chenye geji kwa rejeta, akajaza hewa, akatega sikio. Hata saa kumi haijafika alikuwa ameshajua ni upande gani. Mtu hajamaliza chungwa.

2. Suala la turubai.

Ili awe na uhakika alitia rangi fulani kwa yale maji, akawasha injini, akaenda kwa Mitchelle wa mpesa kuazima ile taa ya zambarau ya kukagua noti bandia. Kwa sababu jua lilikuwa kali na taa ile inataka giza, alifunika boneti kwa turubai, akaniamuru niingie nimshikie taa. Nikaingia. Vichwa viwili, turubai moja, Mwenyekiti. Pale panapovuja pakawaka kijani: mpira wa kifuniko umechakaa, na klipu ya paipu ya chini imelegea. Mimi kwa nia njema nikamwonyesha tundu la tatu, tuzidi kutafuta. Akaangalia, akasema hicho ni kifungo cha shati langu.

Jumla ya muda chini ya turubai: dakika nne. Nauliza kwa heshima, huo ni uchunguzi gani? Hata kochi mimi huligeuza nikaliangalia nusu saa.

3. Gari halikuvuja tena.

Siku kumi na moja mfululizo niliamka nikavuta boksi chini ya gari, na kila siku lilikuwa kavu. Jirani yangu Kaluki, mama anayeuza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, hapo mlangoni, aliniona nimechuchumaa nikiliangalia boksi akaniuliza nani amefariki. Nilimwambia ni gari limepona. Akanipa pole, akaniongezea maharagwe.

Wewe fikiria. Nina gari zima, la spoti, na sina sababu hata moja ya kuvuka kutoka Kawangware kuja Kibera. Siku moja nilipita hapo yadi ati nawasalimia tu. Jentrix akatoka chini ya lori, akainama dirishani, akaangalia mshale wa joto, akasema gari liko poa, akarudi chini ya lori. Basi. Kurudi 46 nilipiga matuta yote bila kupunguza mwendo, na bado halikuvuja. Sasa mtu afanye nini tena?

4. Kazi ilirudi.

Hapa ndipo penye uzito. Jumatatu ya wiki jana, ile klipu ya paipu ya chini ililegea yenyewe. Jentrix akaikaza. Alhamisi ikalegea yenyewe tena. Akaweka klipu mpya, akaitazama bisibisi iliyo kwa mlango wa gari langu, akanitazama mimi, kisha akaandika kwa kitabu chako cha yadi kwamba kazi imerudi mara ya pili. Leo asubuhi kabla ya chai nimeikuta imelegea mara ya tatu. Sijui ni kwa nini klipu hii hulegea mimi nikiwa karibu. Mimi ni mtu wa makochi.

Mwenyekiti, pale getini kwenu pameandikwa kwa rangi nyekundu: KAZI IKIRUDI MARA TATU FUNDI ANAPUMZISHWA. Nilipoisoma nilifurahi kweli kweli. Ni vyama vingapi Nairobi hii vinajali miili ya mafundi wake? Jentrix amechoka. Kila nikija yuko chini ya lori. Kesho naleta gari, itakuwa mara ya tatu, na nadai sheria yenu ifuatwe bila kumwonea mtu haya.

5. Kwa hivyo naomba yafuatayo:

(a) Fundi Jentrix apumzishwe kuanzia kesho Jumamosi adhuhuri, na asiwekewe lori lolote.

(b) Kwa kuwa mapumziko bila mtu wa kuongea naye huchosha, akabidhiwe kwa mteja aliyeumia, yaani mimi, mahali penye chapati madondo, tujadili paipu.

(c) Gari likaguliwe kila wiki. Na kwa kuwa kutoka Kibera hadi 46 ni safari, fundi ahamie kabisa pale gari linapolala. Kuna chumba chenye dirisha, na kochi jipya la watu wawili nililolishona kwa kitambaa cha kijani, rangi ileile ya maji ya rejeta. Dhamana iwe ya maisha. Wazazi wake Webuye wajulishwe, na mimi niko tayari kufika na mjomba Ndululu na wazee wanne kushuhudia dhamana ikiandikwa. Wakisema dhamana ya aina hii huandamana na mbuzi, sitabishana. Mimi naelewa mambo ya magari.

Naamini utanisikiliza kama mzazi. Nisalimie mafundi wote, yule wa kupiga rangi, mama wa uji, Mitchelle pamoja na taa yake, na yule mbwa wa yadi aliyeniuma mwezi wa tatu lakini tukaelewana. Fundi Jentrix usimsalimie. Mwambie tu kuna mtu amelalamika sana.

Ni mimi mteja wako mwenye uchungu,
Musembi wa Makochi.

TANBIHI. Jumamosi, saa tisa mchana.

Mwenyekiti, tafadhali, tafadhali, usitekeleze hata moja ya hayo niliyoandika hapo juu.

Leo nimeleta gari, barua hii ikiwa kwa mfuko wa shati. Jentrix hakugusa spana. Alienda kwa Mitchelle, akarudi na taa, akaniingiza chini ya turubai. Akamulika klipu. Akatoa bisibisi yangu kwa mlango, akaigeuza geuza mkononi, akaimulika: inawaka. Akamulika vidole vyangu: vinawaka vyote kumi, mpaka kwenye kucha. Kumbe ile rangi bado imo kwa maji, na haitoki kwa sabuni, na hakuna aliyeniambia! Halafu akaona hata mfuko wa shati unawaka. Akachomoa barua, akaisoma yote hapo hapo kwa taa ya noti bandia.

Alicheka mpaka akakalia bampa. Alipofika namba nne akaacha kucheka. Akaniambia kwamba kupumzishwa kwenu si kulala, ni kufukuzwa. Ati Fundi Khamala alipumzishwa mwaka jana, na hadi leo anasukuma mkokoteni wa maji. Na yeye Jentrix anawasomesha wadogo zake wawili kwa kazi hiyo. Wueh! Haki ya nani sikujua. Nilikuwa nakaribia kumwachisha kazi mtu ambaye nilitaka tu amalizie kuniambia habari za Webuye.

Nilitaka kuichana barua. Akanikataza. Alisema kitabu chako kina kazi mbili zilizorudi na leo ni ya tatu, kwa hivyo niilete vile ilivyo, bila kufuta neno, maana ushahidi wa pekee kwamba si yeye ni karatasi hii. Kwa hivyo naomba uazime taa kwa Mitchelle, uimulike. Utaona vidole vyangu kila mahali, na vingi zaidi pale nilipoandika jina lake. Ni vidole vya mtu aliyelegeza klipu mara tatu kwa mkono wake mwenyewe, akaja akamsingizia fundi. Futa kazi zote tatu kwa kitabu. Mkitaka kupumzisha mtu, pumzisheni mimi.

Ombi (c) alilisoma tena akiwa amenipa mgongo. Alinirudishia barua, akakaza klipu, akarudi chini ya lori. Taa akaniachia nimpelekee Mitchelle, nami kabla ya kuipeleka nikarudi chini ya turubai nikaimulika barua mara ya mwisho. Kando ya ombi (c) kuna alama ya dole gumba. Ni dogo, na limekandamizwa sawasawa, kama la mtu anayetia sahihi. Nimelipima na langu mara sita, Mwenyekiti. Si langu.