Saa Nne za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nimechaguliwa! Kati ya watu wote wa kiwanda cha milango, meneja kanikabidhi mimi programu mpya ya kupanga uzalishaji. Kazi yangu: kuiambia programu kila idara inafanya kazi saa ngapi kwa siku, nayo itapanga nani atengeneze nini, lini. Mpini nimeushika mimi! Shemeji, kaka wa mke wangu na mkuu wa idara ya kukata mbao, hakunipongeza. Aliuliza tu kama najua kuiwasha.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kasema kaka yake angeimudu programu hiyo akiwa amefumba jicho moja. Haya. Nimejaza: kuunganisha, saa nane. Kupaka rangi, saa nane. Kukata mbao, saa nne! Meneja akiona uwezo wa shemeji ni nusu ya wenzake, atamshusha cheo. Nimecheka peke yangu hadi mhasibu akaja kuuliza kama naumwa.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Programu iliona saa nne, ikampa kazi ya saa nne. Anaimaliza kabla ya chakula cha mchana, anaongeza nyingine, na mluzi juu. Ripoti inasema idara yake imetimiza mpango mara mbili! Meneja kamsifu mbele ya wote. Nikapiga makofi na mimi, ningefanyaje? Jioni alikuja kwetu, akapewa kiti changu.

Jumatatu, 10 Machi
Dawa ya moto ni moto. Nimempa saa ishirini na nne, Jumapili ikiwemo. Aelemewe, tuone!

Jumatano, 12 Machi
Kumbe programu hiyohiyo ndiyo inayowaahidi wateja tarehe. Ikaona shemeji halali wala hali, ikaiahidi hospitali milango mia tatu kufikia Ijumaa. Na hospitali imekwisha kung'oa ya zamani! Daktari mkuu kapiga simu: wagonjwa wanachunguliwa na wapita njia. Meneja akauliza nani alijaza saa. Nikatazama dari. Shemeji akainama kwenye skrini, akasoma jina langu kwa sauti.

Ijumaa, 14 Machi
Siku mbili nimebeba mbao. Shemeji kanifundisha kushika msumeno, polepole, kama mtoto. Tumepeleka milango mia moja na kumi, wodi ya wazazi kwanza. Iliyobaki hospitali imekubali kuisubiri. Tulipoagana akasema, "Shemeji, ungeniuliza tu. Sisi tunafanya kazi saa saba kwa siku." Upole wake uliniuma kuliko vibanzi vya mikononi. Meneja kaninyang'anya ukurasa wa saa kwenye programu, kaniachia wa likizo. Anasema huko siwezi kuharibu kitu.

Jumatatu, 17 Machi
Kasema kweli. Ukurasa mwepesi ajabu! Nimemwandikia shemeji likizo ya mwezi mzima kuanzia kesho. Akirudi, cheo chake ninacho mimi! Chini kabisa kuna kisanduku kimeandikwa "Kiwanda kizima". Sijui ni cha nini. Nimekitia alama.